Gunia, ubao na mgongo: fizikia inasemaje kuhusu "kazi"?

Msimu wa mavuno ukifika, lori husimama kando ya shamba na magunia hupangwa chini yakisubiri kupakiwa. Vijana wawili hunyanyua gunia, wakamtwisha mwenzao, naye hujikaza kulifikisha juu ya bodi ya lori. Jioni kila mmoja analalamika kiuno. Je, gunia lilelile lingeweza kufika juu bila kuumiza watu? Jibu limo katika fizikia, na leo tunalieleza kwa lugha rahisi.

Kazi ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, mlinzi aliyekesha shambani amefanya kazi. Katika fizikia neno hili lina maana finyu zaidi. Kazi hufanyika pale ambapo kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inapohusika katika kusogea kwa kitu kufuata upande ule inakoelekea. Ili kupata kiasi cha kazi, tunazidisha kani kwa umbali. Kani hupimwa kwa nyutoni, umbali kwa mita, na kazi kwa jouli, kipimo kilichopewa jina la James Joule, mwanasayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1818.

Turudi kwenye gunia letu. Dunia huvuta kila kilo moja kwa kani ya karibu nyutoni 10. Gunia la kilo 100 basi linavutwa chini kwa nyutoni 1,000 hivi. Ikiwa bodi ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini, kazi ya kulipandisha ni 1,000 mara 1.2, sawa na jouli 1,200.

Mbona nachoka nikisimama tu?

Ukisimama na gunia begani ukimsubiri dereva afungue mlango, gunia halisogei. Umbali ni sifuri, kwa hiyo kazi uliyoifanyia gunia ni sifuri. Hata ukitembea nalo kwa mwendo uleule kwenye uwanja tambarare, bega lako linasukuma juu ilhali gunia linakwenda mbele. Kani ya bega haifanyi kazi, kwa sababu gunia halipandi.

Lakini unachoka, na uchovu huo ni wa kweli. Misuli inayoshikilia mzigo hujikaza muda wote na kutumia nishati ya chakula, na nishati hiyo huishia kuwa joto. Ndiyo maana unatoka jasho. Kusubiri na mzigo begani ni kupoteza nguvu bure. Afadhali uuweke chini.

Ubao unasaidiaje?

Sasa tuegemeze ubao imara wenye urefu wa mita 3.6 kutoka ardhini hadi kwenye bodi. Gunia bado litafika kwenye kimo kilekile, kwa hiyo kazi inayotakiwa ni ileile jouli 1,200. Ila sasa kazi hiyo imegawanywa kwenye umbali mrefu mara tatu. Gawanya 1,200 kwa 3.6, utapata nyutoni 333. Unasukuma kwa theluthi moja tu ya uzito wa gunia.

Ubao haupunguzi kazi. Unapunguza kani, nawe unalipa kwa umbali. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupindapinda mlimani kwa sababu hiyohiyo: gari husafiri umbali mrefu zaidi, lakini halilazimiki kupanda wima.

Hata hivyo, hesabu hii haijagusa msuguano. Gunia likiburutwa kwenye ubao mkavu, linakwaruza na kuhitaji kani kubwa zaidi ya ile nyutoni 333. Kazi ya ziada hupotea kama joto. Ukitumia kitoroli chenye magurudumu, msuguano hupungua sana na ubao unaleta faida yake karibu yote.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Mgongo hauhesabu jouli. Unaumizwa na kani kubwa inayoubana kwa mara moja, hasa ukiwa umeinama. Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza hatua zichukuliwe ili mzigo anaobeba mwanamume mtu mzima peke yake usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo.

Basi kabla ya kupakia, tafuta ubao mrefu usiopinda, ufunge juu usiteleze, na mtu yeyote asisimame chini ya gunia linalopandishwa. Kama hakuna ubao, shikeni wawili: kila mmoja atabeba nyutoni 500 badala ya 1,000. Lori litajaa vilevile, nanyi kesho mtaamka mkiwa wima.