Hojaji Haikuniuliza Kuhusu Omena

Jumamosi moja asubuhi alinijia binti mmoja nyumbani kwangu Manyatta, hapa Kisumu, kishikwambi kwapani na fomu ya ridhaa mkononi. "Mwalimu, poleni kwa msiba," akaniambia. Alikuwa akiwatafuta watu waliofiwa katika mwaka mmoja uliopita, wapate kueleza jinsi msiba unavyoathiri maisha yao ya kila siku. Mama yangu mzazi alikuwa ametimiza miezi tisa kaburini kule Uyoma. Nikatia sahihi.

Hapana shaka msomaji anajua kwamba wakazi wa Manyatta si wageni wa watafiti. Taasisi ya KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo kikubwa huko Kisian, nje kidogo ya mji. Mradi wa CHAMPS nao uliichagua Manyatta, pamoja na sehemu za Siaya, ili kuchunguza kiini cha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo tumezoea kuulizwa marehemu aliugua nini, homa ilianza lini, alikohoa au hakukohoa. Ni maswali ya maana, nami sina ugomvi nayo. Ila yanamhusu aliyekwenda. Binti huyu alikuja kumwuliza aliyebaki, na ndiyo sababu nilimkaribisha kwa moyo mkunjufu.

Swali la saba, au la nane, lilikuwa hili: "Je, katika mwezi uliopita, huzuni imekuzuia kufanya shughuli zako za kila siku?" Nikajibu hapana. Lilikuwa jibu la kweli, maana sikukosa mhadhara hata mmoja, na karatasi za mtihani nilizisahihisha kwa wakati. Akabonyeza, tukaendelea. Nadhani nilihesabiwa miongoni mwa waliopona.

Lakini tangu mama afariki sijala omena. Mama aliuza omena pale Kondele kwa miaka mingi. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nami nilizoea kumchemshia chai kabla hajatoka. Hadi leo naamka saa kumi na nusu bila ya kuamshwa, nateleka maji jikoni, ndipo nakumbuka. Nikienda mjini humwambia mwendesha bodaboda azungukie vichochoro vya ndani, nikamlipa ziada, almuradi tusipite mbele ya meza ile. Hayo yote hayakuhesabiwa kuwa shughuli za kila siku. Aliyelitunga swali alikuwa akiwaza kazi.

Kwa kuwa mimi riziki yangu ni lugha, niliyatazama pia maneno. Kipimo kimoja cha majonzi kinachojulikana sana ni kile cha maswali 19 kilichochapishwa na Holly Prigerson na wenzake huko Marekani mwaka 1995. Isitoshe, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani linayatambua majonzi ya muda mrefu kuwa maradhi, yakizidi miezi sita na kuvuka mipaka ya desturi za jamii ya mfiwa. Basi mpimaji hana budi kuijua desturi kwanza, na desturi imo katika maneno. Hapo ndipo "huzuni" inapopwaya. Huzuni humpata hata mtu ambaye timu yake imefungwa mpira! Kiswahili kina kitenzi kufiwa: ni kufa ile ile, ikatiwa kauli ya kutendea, kisha ya kutendwa, hata kifo cha mwingine kikawa jambo alilotendewa huyu aliye hai. Tena tuna mkiwa, na ukiwa wake, na makiwa tunayompa. Sikuliona hata moja kwenye kishikwambi.

Kwa Kijaluo mambo hayakuwa bora. Jirani yangu, ajuza aliyefiwa na mumewe, alinisimulia jioni kwamba aliulizwa kuhusu kuyo, yaani huzuni. "Nikamwambia, kuyo ya nini tena, nyathina? Watu walilia, wakala, wakaenda zao. Mimi nina parruok tu." Parruok ni wasiwasi, mawazo yasiyotulia, nalo latokana na paro, kufikiri na kukumbuka, huko ndiko itokako pia rapar, ile sherehe ya kumkumbuka marehemu. Nina hakika naye aliandikiwa "hapana".

Wala hojaji haikugusa jambo ambalo kila mpangaji wa Manyatta analijua. Sisi wengi hatuziki mjini. Jeneza huenda dala, nyumbani kwa mababu, Jumamosi. Jumapili tunarudi kwenye chumba kisicho na kaburi la kupalilia, tukiwa na deni la gari na la chakula cha waombolezaji, na mwenye nyumba anasubiri kodi.

Nambari ya simu ya binti ilikuwa kwenye fomu. Nikampigia, akaja Jumanne. Jibu langu, alisema, lilikwisha kutumwa, halibadiliki. Akatoa daftari la kawaida, akaandika habari za omena, za chai, za vichochoro. Kisha akaniuliza kama anaweza kurudi kwa yule jirani. Nikamwambia aende jioni, asilitaje neno kuyo, aulize habari za paro, kisha anyamaze.