Mali Bila Daftari: Kikundi Kiangalie Nini Kabla ya Kuchagua Programu ya Kazi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi limo ndani ya simu, na kwa vikundi vingi ni kundi la WhatsApp. Bei hutumwa humo, picha za risiti humo, rambirambi humo, na ugomvi pia humo. Siku kikundi kinapokua, huja mtu kuwauzia programu ya kufanyia kazi pamoja, naye huwa na orodha ndefu ya mambo ambayo programu hiyo inaweza. Ndugu msomaji, anza na swali moja: hesabu zikitofautiana, itatuonyesha nani aliandika nini, na lini?

Tuangalie biashara ya maziwa ya ngamia ya Isiolo. Maziwa hukamuliwa mbali na mji, huletwa kwa madumu, hupozwa, kisha hupakiwa kwenye mabasi hadi Eastleigh, Nairobi, safari ya takriban kilomita 280. Chukulia kuna kikundi cha akina mama wa Bulla Pesa wanaofanya kazi hiyo. Mmoja yuko kwa wafugaji, wa pili anapokea na kupima mjini, wa tatu anauza Eastleigh, na wa nne ni mweka hazina anayelipa kwa M-Pesa. Siku nzima hawaonani. Lita 20 zikiandikwa 10, anayebeba hasara ni yule aliye mbali zaidi na daftari. Basi sifa za programu tuzipime kwa macho yake.

Kwanza, historia ya mabadiliko. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta ujumbe wake kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na kinachobaki ni alama tu kwamba palikuwa na ujumbe. Jedwali la Google Sheets, kwa mfano, huhifadhi matoleo ya nyuma na kuonyesha akaunti iliyobadilisha. Tarakimu ikiguswa, ile ya zamani inaweza kurudishwa. Lakini hili linafaa tu iwapo kila mwandishi ana akaunti yake. Wanne wakitumia akaunti moja, hamtajua ni nani.

Pili, ngazi za ruhusa. Programu nzuri hutenganisha anayeweza kusoma tu, anayeweza kutoa maoni na anayeweza kubadilisha. Mpokeaji aandike lita, mweka hazina aandike malipo, na wanachama wote wasome. Programu inayompa kila mtu ruhusa ya kila kitu, au inayomfungia mwenyekiti peke yake, haifai.

Tatu, kufanya kazi bila mtandao. Sisi wa pwani tunajua nyaya za intaneti hutoka baharini na kuingia nchi kavu Mombasa. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp yenyewe ilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Huko malishoni mtandao hukosekana hata siku ambayo hakuna kilichokatika. Tafuta programu inayokubali uandike sasa, kisha itume yenyewe mtandao ukirudi. Ijaribuni kwa kuzima data kabla ya kuikubali.

Nne, akaunti ni ya nani, na mtatokaje? Katibu akiifungua kwa barua pepe yake binafsi, siku akiolewa mbali au akipata kazi Dubai, daftari linaondoka naye. Fungueni barua pepe ya kikundi, na maofisa wawili wawe na uwezo wa kuingia. Hakikisheni pia rekodi zote zinaweza kupakuliwa na kuhifadhiwa kwingine. Hata kampuni kubwa hufunga huduma: Skype, iliyotumiwa na jamaa wengi wa Ughaibuni kupiga simu nyumbani, ilizimwa Mei 2025.

Tano, mipaka ya bure. Slack ya bure huonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na mkutano wa Zoom wa bure hukatika baada ya dakika 40. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15, ambazo picha na barua pepe pia huzila. Kwa kikundi kinachogawana faida mwisho wa mwaka, siku 90 hazitoshi. Ulizeni pia gharama ya bando, kwa sababu hiyo hulipwa na kila mwanachama.

Sita, lugha na sauti. Programu ikiwa na menyu ya Kiswahili na ujumbe wa sauti, mama asiyesoma vizuri naye anashiriki. Asipoweza kuitumia, daftari limerudi mikononi mwa wachache.

Saba, siri. Majina, nambari za vitambulisho na za simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chagueni programu yenye uthibitisho wa hatua mbili, na anayeondoka kikundini atolewe siku hiyo hiyo.

Msihamie kwa mkupuo. Chagueni kazi moja, kama kuandika lita zinazopokelewa, muifanye kwenye programu kwa mwezi mmoja huku kitabu cha karatasi kikiendelea. Mwisho wa mwezi linganisheni. Kisha mwanachama aliye mbali kabisa apige simu aulize alileta lita ngapi na anadai shilingi ngapi. Akijibiwa papo hapo, na jibu likalingana na alivyohesabu mwenyewe, endeleeni nayo. La sivyo, rudini kwenye kitabu mkaendelee kutafuta.