Injini ya Ndege Ikivunjika Angani

Kama umewahi kufanya kazi kwenye korona ya mkonge, Muheza au Korogwe, unajua jambo hili: chuma kinachozunguka kwa kasi kikikatika, hakianguki tu chini. Kinaruka kama risasi. Injini ya ndege nayo ni hivyo hivyo.

Ndani yake mna nini?

Mna magurudumu mazito ya chuma. Kila gurudumu limezungukwa na mapanga mengi, mfano wa pangaboi. Hewa yenye moto huyasukuma, yakazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Hata ndege ndogo za Caravan zinazotua Tanga zina injini ya namna hiyo.

Huvunjikaje?

Kwa namna mbili. Namna ya kwanza, panga hukatika lakini vipande hubaki ndani ya ganda la injini. Injini huzimika, na ndege yenye injini mbili hutua kwa ile iliyobaki. Watengenezaji hujaribu ganda hilo kwa kukata panga makusudi, injini ikizunguka kwa nguvu zote.

Namna ya pili, vipande hutoboa ganda vikatoka nje. Hiyo siyo mchezo. Tarehe 4 Novemba 2010, bomba dogo la oili lilipasuka katika injini ya Airbus A380 ya Qantas, iliyotoka Singapore. Oili ikawaka, gurudumu likavunjika, vipande vikatoboa bawa. Watu wote 469 walitua salama. Lakini mwaka 1989, huko Marekani, gurudumu la injini ya DC-10 lilivunjika, vipande vikakata mabomba ya kuongozea ndege. Watu 112 walikufa. Ufa ulikuwapo tangu mapema, wakaguzi hawakuuona.

Kinga yake ni nini?

Ganda la kuzuia gurudumu zima lingekuwa zito mno kuruka nalo. Kinga ni ukaguzi. Safari za kila gurudumu huhesabiwa. Hesabu ikitimia linatolewa, hata likionekana zima. Mafundi hutumia vyombo kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho.

Mwaka 2022 Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) lilisimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini. Kusubiri kunachosha. Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na angani hakuna pa kujenga. Basi ukiambiwa uwanjani kuwa fundi bado anakagua injini, mwache amalize kazi yake.