Somo la Redio: Mipira ya Hewa katika Injini ya Gari la Zamani

Shikeni kalamu na daftari, maana leo tutaona jinsi kuandika kunavyoweza kuokoa maisha ya mtu.

Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Peugeot 404. Magari ya petroli ya enzi hizo yangali na wapenzi wake. Tuseme wewe u fundi hapa Nguvumali, Tanga, nawe umeletewa gari la namna hiyo ulifanyie ovaholi. Kazi ya chuma unaiweza. Lakini siku ya kufunga waona mipira imebaki mezani. Upi unaingia wapi?

Kwanza tufahamu kazi yake. Pistoni ikishuka huvuta hewa, kama mtu anyonyaye maji ya dafu kwa mrija. Mipira huuchukua mvuto huo na kuupeleka penye kazi nyingine. Mikuu ni mitatu.

Wa kwanza ni mnene. Watoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa na kwenda kwenye sevo, yaani chombo kinachousaidia mguu kushika breki. Si kila gari la zamani lina sevo. Mpira huu una vali ipitishayo hewa upande mmoja tu.

Wa pili ni mwembamba. Watoka kwenye kabureta na kwenda kwenye distribyuta, ili kuwahisha cheche ya plagi.

Wa tatu huchukua moshi uliomo tumboni mwa injini na kuurudisha kwenye manifoldi au kwenye chujio la hewa, ukaunguzwe.

Je, utalitambuaje tundu? Injini ikiwa inanguruma polepole, ziba tundu kwa kidole. Likivuta mara moja, ni mvuto wa manifoldi. Likivuta tu unapoongeza mafuta, basi katika magari mengi hilo ndilo la distribyuta.

Sasa sikilizeni hatari yake. Mpira wa sevo ukipasuka au ukiachwa wazi, hewa huingia bila kupitia kabureta, na injini hutetemeka. Pedali ya breki nayo huwa ngumu kama jiwe. Fikiri gari hilo likiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona!

Kwa hiyo lijaribu kabla halijatoka. Zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Usiondoe mguu, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, sevo inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisitoke.

Lakini dawa kubwa ni kalamu. Kabla ya kufungua, andika namba moja kwenye vikaratasi viwili. Kimoja funga kwenye ncha ya mpira, cha pili kwenye tundu lake. Fanya hivyo kwa kila ncha. Kisha andika daftarini: "Na. 1, manifoldi hadi sevo." Mpira uliokauka ubadilishe kwa wenye ukuta mnene, usiobonyea unapovutwa. Kichwa husahau, daftari halisahau.

MASWALI
1. Mpira mnene waenda wapi?
2. Kwa nini pedali ya breki huwa ngumu?
3. Andika vikaratasi vya mipira mitatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.