Steringi na Adui: Neno la Watazamaji wa Sinema Machimboni

Katika kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama Nyarugusu na Rwamgasa upande wa Geita, au Kahama upande wa Shinyanga, kibanda cha video ni baraza la jioni kwa mtu atokaye duarani. Mtazamaji wa hapo hanyamazi: humwonya shujaa, humtukana mbaya wake, hubashiri mwisho. Neno litawalalo ni "steringi". Asili yake ni Kiingereza, ambako hutangulia tu majina ya wachezaji katika tangazo. Kwetu limekuwa mtu mwenyewe, mwenye haki, naye hafi. Mpinzani wake ni "adui".

Basi yafaa kulipima neno hili kwa sinema ngumu. Nachagua, kwa mfano tu, Romper Stomper ya Australia ya mwaka 1992, ambamo vijana wanyoao vipara, wafuasi wa Unazi, huwapiga Wavietnam mjini Melbourne. Kiongozi wao, Hando, aliyechezwa na Russell Crowe, ndiye aijazaye picha. Je, yalaumiwa mapigano au yatukuzwa? Mkosoaji David Stratton alikataa kuipa alama yo yote.

Kwa kuonekana, Hando ni steringi, kwa matendo, ni adui, tena hufa. Hapo msimulizi atiaye sauti ya Kiswahili juu ya picha, kama alivyofanya Lufufu, hana budi kuamua. Akimwita steringi, amewapa vijana mtu wa kumshangilia. Akimwita adui, itambidi amtafute steringi mwingine, labda Davey, rafiki yake aliyemwua.