Mboni Nyeupe kwa Mtoto

Mpendwa mama, na wewe nyanya unayebaki na wajukuu mama yao akienda kuchuma majani chai, leo tuangalie macho ya watoto wetu.

Mboni ya jicho huwa nyeusi. Ukiona inang'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, hasa jioni au kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, usingoje. Makengeza nayo ni dalili. Huenda ni mtoto wa jicho, naye pia hutibiwa kwa upasuaji. Lakini huenda ni retinoblastoma, saratani inayoanzia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Mwanzoni haiumi; mtoto anakula, anacheza, na hilo ndilo hutudanganya. Maziwa ya mama hayaitibu, wala majani ya kukamulia jichoni. Na hakuna aliyemroga mtoto.

Nenda kliniki ya macho katika hospitali ya rufaa, Meru au Embu. Mtoto atatiwa matone ya kupanua mboni ili daktari aone hadi nyuma. Wakishuku saratani watakuandikia barua ya kwenda Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au PCEA Kikuyu. Huko mtoto hupewa dawa ya usingizi ili atulie, na macho yote mawili hukaguliwa.

Uvimbe mdogo huweza kuchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi, pamoja na dawa za saratani. Ukiwa umejaza jicho, daktari atasema jicho litolewe. Hapa ndipo wengi hutoroka. Neno hilo ni zito, najua. Lakini jicho hilo mara nyingi limekwisha kupofuka, na nyuma yake kuna neva iendayo moja kwa moja kwenye ubongo. Saratani huifuata neva hiyo. Ndiyo maana daktari hutoa jicho pamoja na kipande kirefu cha neva, kisha maabara huchunguza ncha yake. Ikiwa ina saratani, mtoto huongezewa dawa. Anayerudi nyumbani "kufikiria kwanza" huja tena jicho likiwa limetokeza nje, na hapo kuokoa maisha ni vigumu sana.

Kidonda kikipona, mtoto huwekewa jicho la bandia lenye rangi kama ya mwenzake, nalo hubadilishwa kadiri anavyokua. Ugonjwa huu wakati mwingine hurithiwa, kwa hiyo wapeleke ndugu zake wadogo wakaguliwe pia, hata kama macho yao yanaonekana mazima.