Kimondo cha Mbozi na Lugha ya Kukisimulia

Katika kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, pana pande kubwa la chuma lijulikanalo kwa jina la Kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kadiri ya mita 3, na uzito wake hukisiwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa ni chuma, na karibu sehemu moja katika kumi ni nikeli. Miongoni mwa wageni waendao kukitazama wamo wanafunzi pamoja na walimu wao, na wazazi pamoja na watoto wao. Kwa macho hupata kitu kimoja tu. Yaliyosalia yote huyapata kwa masikio, katika maneno ya mwongozaji. Kwa hiyo ziara ya Ndolezi ni jambo la lugha kama ilivyo jambo la elimu ya mawe, na yafaa maneno yatumiwayo huko yapimwe.

Neno la kwanza ni kugundua. Husemwa kwamba kimondo kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Lililo kweli ni kwamba mwaka huo habari zake ziliwafikia watu wa nje. Baadaye udongo uliokizunguka ulichimbwa, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, ndipo umbo lake likaonekana lote. Lakini wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Kitenzi kugundua humtaka mtendaji ambaye hapo kwanza alikuwa hajui, na humsahaulisha msikilizaji wale waliokuwa wakijua. Mtoto wa Kinyiha aambiwaye kwamba pande hilo liligunduliwa na mgeni hufundishwa, pasipo mtu kukusudia, kwamba kujua kwa babu zake hakukuwa kujua. Ingetosha kusema kwamba mwaka 1930 habari zake zilitangazwa.

Neno la pili ni jina lenyewe. Kwa Kiswahili kimondo ni kile king'aacho na kukata anga usiku, ambacho wengi hukiita nyota ianguka. Basi jina hilo limebeba maelezo ndani yake: alitajaye amekwisha kusema kwamba kitu hicho kilitoka juu. Maelezo hayo ni ya kweli, maana ndivyo elimu ya nyota isemavyo. Hata hivyo masimulizi ya wenyeji yaliyoandikwa hayasimulii moto ulioanguka kutoka mbinguni, na kwa sababu hiyo wataalamu hudhani kwamba kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu za watu waliopo. Hivyo jina la Kiswahili hutangulia kuijibu hadithi kabla haijasimuliwa. Mgeni husikia jibu la wanafalaki, wala hajui kwamba palikuwa na swali la Wanyiha.

Yafaa ikumbukwe kwamba Wanyiha hawakuwa wageni wa chuma. Walikuwa mafundi wa kukiyeyusha katika tanuu ndefu za udongo, na ufundi wao uliandikwa na wachunguzi katika miaka ya 1960. Mwongozaji atokaye kwenye kimondo akaeleza habari za tanuu na wahunzi huwapa watoto jambo kubwa kuliko uzito na urefu: huwaonyesha kwamba chuma hicho kilikuwa katikati ya watu waliojua chuma ni nini.

Neno la tatu, nalo ni gumu kuliko yote, ni hadithi. Kiswahili kina utajiri wa maneno katika mlango huu. Ngano husimuliwa kufurahisha na kuonya, na msikilizaji hatakiwi kuisadiki. Visakale na habari za wahenga husimuliwa kama mambo yaliyotokea. Visasili hueleza asili ya vitu na desturi, na wenyewe huvishika kwa heshima. Mwongozaji anayeyaita yote hadithi, akaanza kwa kusema "Paukwa" na watoto wakaitika "Pakawa", amekwisha kulihamisha simulizi kutoka jamii moja na kulitia katika nyingine. Lililokuwa likisadikiwa limekuwa la kuchekesha. Isitoshe, mwito na kiitikio hicho ni cha Waswahili. Nacho kikishika mahali pa namna ya kufungulia simulizi iliyo ya wenyeji, namna hiyo hukosa pa kutumika.

Haifai kwa sababu hiyo kukilaumu Kiswahili. Kinyiha na Kinyamwanga, ambazo Guthrie aliziweka pamoja katika kundi la M20, ni ndugu wa Kiswahili, lakini asemaye moja hamwelewi asemaye Kiswahili pasipo kujifunza. Tunduma ni mji wa mpakani, wenye barabara kuu na reli iendayo Zambia, na watu wa makabila mengi wamekaa humo. Kwa watoto wengi wa mji huo Kiswahili ndicho mlango pekee wa kuyafikia masimulizi ya nchi wakaayo. Shauri ni jinsi ya kuufungua mlango huo.

Mfano wa kulinganisha wapatikana Australia. Katika nchi ya Wajaru pana shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, ambalo wenyewe huliita Kandimalal. Watu wa nje walilipatia habari mwaka 1947. Wajaru husimulia kwamba nyoka wawili wa upinde wa mvua walifanya vijito viwili vya nchi hiyo, na kwamba shimo ni mahali nyoka mmoja alipotokea ardhini. Tena lipo simulizi jingine lisemalo kwamba nyota ilianguka hapo. Masimulizi hayo mawili hukaa pamoja, wala moja halikufuta jingine. Huko Uluru nako, ambako ardhi ilirudishwa kwa Waanangu mwaka 1985 na kupanda mwamba kukakomeshwa mwaka 2019, wageni huambiwa yale ambayo mtoto wa Kianangu huruhusiwa kuyasikia, na yaliyo ya wakubwa huachwa kwa wakubwa. Wageni huambiwa wazi kwamba yapo yasiyosimuliwa.

Kutokana na hayo kanuni tatu zaweza kuwafaa waongozaji wa Songwe. Kwanza, jambo litajwe kwa jina lake la Kinyiha au Kinyamwanga kabla ya kufasiriwa, na mwito wa kusimulia uwe wa lugha hiyo, watoto wafundishwe kuuitikia. Pili, msikilizaji aambiwe ni la aina gani: ni ngano, ni kisasili, au ni elimu ya nyota. Tatu, wazee waulizwe lipi lafaa kusimuliwa mbele ya watoto na lipi halifai.

Kwa wachunguzi wa lugha kazi iliyopo ni kuyaandika masimulizi hayo kwa lugha zake, na tafsiri ya Kiswahili ikae ubavuni. Maana tafsiri iliyopoteza asili yake haiwezi kusahihishwa tena. Na kila mzee afaye bila kuandikiwa humwachia mwongozaji kazi ya kutafsiri maneno ambayo hayapo tena.